Nani Kasema Fundi Ni Tusi?

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Ndugu msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa mashairi na vichekesho, nipe dakika chache nikuungamie jambo. Mwaka jana, muhula wa pili, chama chetu kiliandaa mjadala katika ukumbi wa maakuli. Hoja ilikuwa, "Ufundi ni kimbilio la waliofeli." Mimi ndiye niliyekuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono. Mliokuwapo mnakumbuka. Nilisema kwamba fundi ni mtu aliyekimbiwa na hesabu, naye akakimbilia nyundo. Mlicheka mpaka mwalimu wa zamu akachungulia dirishani. Tulishinda kwa kura nyingi, nami nikatuzwa kamusi.

Leo nimekuja kuyarudisha maneno yale. Kamusi siirudishi.

Yaliyonibadilisha yalianza mwezi wa Novemba. Mama alikuwa akitoka sokoni kwa bodaboda, lori likawabana kandokando ya daraja, wakaanguka mtaroni. Mwenye pikipiki aliinuka akijipangusa. Mama hakuinuka. Mfupa wa paja ulikuwa umekatika katikati. Alilala hospitalini mguu ukiwa umevutwa kwa uzito, siku nenda siku rudi, sisi tukichanga pesa na kungoja zamu ya chumba cha upasuaji. Hatimaye alipasuliwa, akatiwa msumari ndani ya mfupa. Naam, msumari! Mimi nilipolisikia neno hilo niliona mbele ya macho yangu ule msumari tunaopigilia mabati. Nilitaka kulia.

Mama alirudi nyumbani na picha ya eksrei, na kila mgeni aliyefika kumjulia hali alionyeshwa picha hiyo kama albamu ya harusi. Ndipo Desemba akafika binamu yangu, mwana wa shangazi, aliyekuja likizo kutoka Minnesota, Marekani.

Hapa sina budi kusimama kidogo, maana bila kumjua shangazi hutaelewa kisa hiki. Shangazi amewaambia watu wote wa kanisani kwamba mwanawe ni "daktari wa mifupa huko ng'ambo". Wengine amewaambia ni injinia. Ukweli ni kwamba binamu alikwenda kusomea uuguzi kama wengi waendavyo, akaona haumwingii, akajiandikisha katika chuo cha ufundi kwa miaka miwili. Sasa ni fundi wa mashine za kukereza chuma katika kiwanda kinachotengeneza vifaa vya kutiwa ndani ya miili ya wagonjwa. Shangazi anaona haya kulitamka neno fundi. Nami singemcheka, kwa sababu mwezi wa Julai nilikuwa nimesimama jukwaani nikiwapa watu sababu ya kuona haya hiyo.

Basi binamu alipewa eksrei kama wageni wengine. Wengine wote walikuwa wakitazama mfupa. Yeye aliiinua dirishani akatazama skrubu. Akatulia kimya. Kisha akasema, "Hii ni kazi safi sana, mama."

Mama akajibu, "Yule daktari ana mkono mzuri, mwanangu."

"Daktari, ndiyo. Lakini yuko mtu mwingine aliyefanya kazi kabla yake."

Tuliketi chini ya mwembe mpaka giza likaingia, akinieleza. Hebu nami nikusimulie, maana nilikuwa sijui hata robo.

Msumari wa mama ni wa aina inayoitwa SIGN. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1999 na Dkt. Lewis Zirkle, mpasuaji wa mifupa aliyewahi kuwa daktari wa jeshi huko Vietnam, na misumari yake hutengenezwa mjini Richland, jimbo la Washington. Hupewa hospitali za nchi kama yetu ili wagonjwa wasio na uwezo watibiwe. Si msumari wa kupigilia. Ni fimbo ya chuma kisichoshika kutu, ngumu tupu bila uwazi ndani, yenye matundu marefu juu na chini. Fimbo hupenyezwa katikati ya mfupa, halafu skrubu zinapitishwa kutoka ubavuni, zinatoboa mfupa, zinapita ndani ya matundu ya fimbo, zinatokea upande wa pili. Hapo mfupa hauzunguki wala haufupiki.

Sasa jiulize, daktari atayaonaje matundu yaliyo ndani ya mfupa, mfupa uliomo ndani ya nyama? Katika hospitali kubwa za matajiri kuna mashine ya eksrei inayoonyesha picha papo hapo daktari akiendelea kupasua. Hospitali nyingi hazina mashine hiyo. Kwa hiyo msumari wa SIGN huja na mkono wa chuma unaofungwa nje ya mguu, sambamba na msumari wenyewe. Tundu la mkono wa nje linaelekea moja kwa moja kwenye tundu la msumari ulio ndani. Daktari anatoboa kwa kufuata mkono wa nje, na chombo kingine kinamwezesha kulipapasa tundu la ndani.

Umeona ajabu hiyo? Kinachochukua nafasi ya mashine ya bei ya kutisha ni usahihi wa fundi. Tundu la nje na tundu la ndani zikipishana, keekee ya daktari inagonga chuma badala ya uwazi, naye mama yangu amelala pale kifua wazi cha bahati. Na watu wale wa Richland hawamjui mama. Hawajawahi kulisikia jina la daraja letu.

Nilimwuliza binamu mashine zenyewe zinafanyaje kazi. Huitwa mashine za CNC, yaani za kukereza na kukata chuma zikiongozwa na namba kupitia kompyuta. Zilianza na Mmarekani John Parsons aliyetaka kuchonga mapanga ya helikopta kwa kipimo kamili kuliko mkono wa mtu ungeweza, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine ya kwanza ya namna hiyo. Fundi huiandikia mashine maagizo mstari kwa mstari. G00 maana yake nenda upesi bila kukata. G01, kata kwa mstari ulionyooka. G02, kata tao kwa kufuata mwendo wa saa. M08, fungulia maji ya kupoza. Na maagizo ya mwendo hutumia X, Y na Z.

Niliposikia X na Y nilishtuka. Kumbe ni zile zile! Zile ambazo mwalimu wetu wa hesabu huzichora ubaoni nasi nyuma ya darasa tunaulizana zitatusaidia nini maishani. Binamu alisema kila siku anatumia sini na kosini kutafuta pembe. Alama ya kutoa ikisahaulika mbele ya namba moja, mashine haikuulizi kama ulimaanisha hivyo. Inatii. Kisu kinachomwa ndani ya chuma kwa nguvu zote na kitu cha maelfu ya dola kinavunjika mbele ya macho yako. Huku kwetu ukisahau alama ya kutoa unapoteza maksi moja, tena unakwenda kubembeleza mwalimu akuongeze nusu.

Kwa hiyo ile hoja yangu ya "aliyekimbiwa na hesabu" ilikufa pale pale chini ya mwembe.

Binamu alikuwa ameniletea zawadi, nami nilitarajia viatu. Ilikuwa maikromita. Sikuficha uso wangu, naye akacheka. Akaning'oa unywele mmoja bila ruhusa, akaubana. Ukasoma milimita 0.08. Tukampima nyanya, wake ukawa 0.06. Tukawapima watoto wote wa boma mpaka wakaanza kukimbia. Kisha akaniambia kwamba kuna sehemu anazozikereza ambazo hazitakiwi kukosea zaidi ya maikroni 5, na maikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Yaani uuchukue unywele wa nyanya, uupasue mara kumi na mbili, na hata kipande kimoja tu kikizidi, kazi yako imekataliwa.

Kwa kipimo hicho hata joto ni adui. Fimbo ya chuma cha namna ya msumari wa mama, yenye urefu wa milimita 100, ikipata joto la digrii 5 zaidi hurefuka kama maikroni 8. Ndiyo sababu chumba cha kupimia huwekwa kwenye digrii 20, kiangazi na masika, na kitu kilichotoka mashinini huachwa kipoe kwanza. Ukikishika muda mrefu mkononi, umekwisha kukiharibia kipimo. Tena kuna titaniamu, ambayo hupendwa sana kwa vifaa vya kukaa mwilini. Chuma hicho hakipitishi joto vizuri, basi moto wote unabaki kwenye ncha ya kisu, kisu kinaisha upesi. Vumbi na nyuzi zake zinaweza kushika moto, na ole wako uumwagie maji, maana ndipo unapochachamaa. Huzimwa kwa unga maalumu.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ya vipimo vyote ni karatasi. Kila fimbo ya chuma inayoingia kiwandani ina namba ya tanuri ilimoyeyushiwa. Namba hiyo huandamana na fimbo kila inapokwenda: nani aliikata, kwa mashine ipi, siku gani, nani aliipima, iliogeshwa kwa dawa gani. Kuna kanuni za kimataifa za kazi hii, ISO 13485, zinazodai haya yote. Msumari ukivunjika miaka kumi baadaye ndani ya mtu, wanaweza kurudi nyuma mpaka kwenye tanuri.

Si mbwembwe. Mwaka 2000 kampuni ya Sulzer huko Austin, Texas, ilitangaza kuvirudisha vikombe vyake vya nyonga bandia. Chuma kilikuwa sawa na vipimo vilikuwa sawa. Kosa lilikuwa mafuta! Mabaki kidogo ya mafuta ya mashine yalibaki juu ya vikombe baada ya kutengenezwa, na mfupa ukakataa kushikana na chuma. Vikombe kama 17,500 vilikuwa vimekwisha kutiwa ndani ya watu, na maelfu wakalazimika kupasuliwa mara ya pili. Kampuni ikaingia katika malipo ya karibu dola bilioni moja. Mafuta, ndugu zangu. Yale ambayo fundi mvivu husema, "Hayo yatakauka yenyewe."

Nilimwuliza binamu kama yeye amewahi kukosea. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema mwaka wake wa kwanza, zamu ya usiku, kama saa tisa, alibadilisha kisu akasahau kuiambia mashine kwamba kisu kipya ni kirefu kuliko cha zamani. Mashine ikakata vipande 43 kabla hajagundua. Kwa macho vilikuwa havina doa. Hapakuwa na mtu karibu. Alizima mashine, akavifunga vyote kibandiko chekundu, akaenda kumwamsha msimamizi.

"Na ungenyamaza?" nikamwuliza.

"Wakaguzi wangevikamata vingi," akasema. "Vingi, si vyote."

Alipokea barua ya onyo, nayo ameihifadhi mpaka leo. Ninakiri kwamba usiku ule sikulala upesi. Mwezi mmoja tu nyuma nilikuwa nimenakili matokeo ya jaribio la fizikia kutoka kwa jirani yangu wa mezani, nikazipindapinda namba kidogo mwalimu asishuku. Wengi wetu tumefanya hivyo. Usinitazame kana kwamba wewe ni malaika.

Sasa najua kuna watakaosema, "Wewe umepumbazwa na jamaa wa majuu. Kazi hiyo haiko Kenya." Ni hoja nzito, na sitaki kuikwepa kama nilivyozikwepa hoja za wapinzani wangu jukwaani. Ni kweli msumari wa mama umetoka Marekani. Ni kweli kuna miji iliyotutangulia kwa zaidi ya karne: Tuttlingen kule Ujerumani wanatengeneza vyombo vya upasuaji tangu karne ya 19, na kijana huko husomea ukerezaji miaka mitatu na nusu, sehemu darasani, sehemu kiwandani. Warsaw, mji mdogo wa Indiana, ulianza na Revra DePuy mwaka 1895 akitengeneza magango ya kufungia mifupa, na hadi leo mji huo unaishi kwa viungo bandia.

Lakini kwetu nako si jangwa. Baada ya ile gari ya Nyayo Pioneer ya mwaka 1990 kukwama, kilichotokana na mradi huo ni karakana ya Nairobi iliyopewa jina la Numerical Machining Complex mwaka 1994. Hilo jina lenyewe ndilo hizi mashine za namba ninazozisema! Tumelipita barabarani miaka yote tukidhani ni jina la benki. Kule Kilifi kiwanda cha Revital kinatengeneza mabomba ya sindano, na hakuna bomba la plastiki lisilotoka kwenye kalibu ya chuma, wala hakuna kalibu isiyokatwa na fundi. Na hata jua kali. Binamu alipita Gikomba kabla ya kurudi, akasimama kwa fundi mmoja wa leithi akamtazama saa nzima. Aliniambia jicho la yule mzee hana hata yeye. Kilichopungua ni viwili tu: chombo cha kupimia, na daftari. Mzee hawezi kukuambia chuma chake kimetoka wapi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwandikia. Nami naona umbali kati ya Gikomba na Minnesota si wa akili hata kidogo. Ni wa maikromita na karatasi, na hivyo ni vitu vinavyonunulika.

Sisemi kazi hii ni asali. Binamu husimama saa kumi kwa siku, mara nyingine usiku kucha. Ngozi ya mikono yake imepasukapasuka kwa maji ya kupozea. Kipande kile kile mara mia nne kwa siku kinachosha, tena mshahara wake haufikii wa wauguzi aliosafiri nao. Shangazi hukumbusha jambo hilo kila chakula cha jioni. Anayetaka raha asiende.

Ninachopinga ni hili la kumpima mtu kwa jina la kazi yake. Katika shule hii mwanafunzi akipata C katika mtihani wa kujipima huambiwa, "Wewe utaenda tu ufundi," kana kwamba anapelekwa jela. Nasema hivi kwa heshima kwa walimu wetu, lakini maneno hayo yametoka hata vinywani mwenu. Mnaikata tamaa ya C, na pia mnamfungia mlango yule wa A ambaye huenda mikono yake ingependa chuma.

Halafu kuna karakana yetu. Kidato cha kwanza wengi hawajui kwamba tunayo. Ni lile jengo refu nyuma ya bohari la mahindi, lenye madirisha yaliyopakwa rangi. Lilijengwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wakati ambapo masomo ya ufundi yalitiliwa mkazo, na siku hizi linahifadhi madawati yaliyovunjika. Mwezi wa Februari nilichungulia kupitia kioo kilichopasuka. Ndani kuna leithi, jiliwa nne na keekee ya kusimama, zote zimefunikwa magunia. Mwalimu mmoja aliniambia leithi hiyo ilikuwa ikifanya kazi mara ya mwisho ilipofunikwa. Si ya kompyuta, bila shaka. Lakini binamu naye alianzia kwenye leithi ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu huwezi kuiagiza mashine kitu ambacho mkono wako haujawahi kukihisi.

Mimi na wenzangu sita, wakiwemo wawili waliokuwa upande wa upinzani siku ile ya mjadala, tumemwandikia mwalimu mkuu barua tukiomba kuyatoa madawati yale na kuisafisha karakana siku za Jumamosi baada ya usafi wa mabweni. Mwalimu wa fizikia amekubali kutusimamia. Maikromita ninayo. Ufunguo uko kwa mtunza bohari, naye anasema hatautoa mpaka aone sahihi. Kufikia siku tuliyopeleka jarida hili kwa mpiga chapa, tulikuwa bado tunangoja jibu.